Kompyuta Isiyomwamsha Mzee Wasike

Asubuhi hiyo ya mwanzo wa mvua, duka la agrovet mjini Eldoret lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Wakulima walisukumana mbele ya mifuko ya mbegu kana kwamba mvua ilikuwa imetishia kurudi ilikotoka, na katikati ya makoti yao mazito alisimama msichana mwenye sweta ya njano ya kofia, nywele za kusuka zimefungwa nyuma kwa kipande cha waya wa umeme. Alitaka mita mbili za mpira wa maziwa, ule mwangavu unaofungwa kwenye mashine za kukamua.

"Mita mbili tu?" muuzaji akauliza. "Una ng'ombe ngapi?"

"Sina ng'ombe."

"Sasa utakamua nini?"

"Nafunga kwa kompyuta."

Watu wakacheka. Nelima hakucheka. Alikuwa fundi wa kompyuta na alikuwa amezoea kuchekwa na watu ambao wiki ijayo wangemletea simu zilizoanguka chooni.

"Na hiyo yako inatoa lita ngapi kwa siku?" sauti ikauliza nyuma yake.

Aligeuka. Alikuwa kijana mrefu, sweta ya kahawia ya kufumwa kwa mkono, koti jeupe limekunjwa juu ya mkono wake. Gumbuti zake zilikuwa safi. Siku ya mvua, mjini, gumbuti safi. Nelima aliziangalia mara mbili.

"Inatoa joto na kelele," akamjibu. "Maji yanapita kwa mpira, yanachukua joto kwa prosesa, yanaenda kupoa kwa redieta, yanarudi. Hivyo hauhitaji feni zile za kupiga kelele. Umeelewa ama nikuchoree?"

"Nimeelewa. Hiyo ndiyo kazi yangu. Napoesha maziwa Ainabkoi, tangi nzima. Na hiyo mpira unanunua ndiyo nilikuwa nimeambia huyu aniwekee."

"Ulikuwa umelipa?"

"Nilitoka nje kupokea simu."

"Basi simu imekukosesha."

Muuzaji alikuwa ameshika mkasi, anawangoja. Yule kijana akamwambia akate mita mbili za dada, yeye achukue inayobaki. Kisha akatoa simu yake mfukoni.

"Naitwa Kiprop. Nipe namba, nitakuwa nauliza kama ng'ombe yako inaendelea vizuri."

Nelima akampa. Alijiambia ni kwa sababu ya mpira.

* * *

Kuanzia hapo simu hazikukatika. Kiprop alipiga saa nne asubuhi, akishamaliza kupokea maziwa ya wakulima, na Nelima aliongea naye akiwa na bisibisi mkononi.

"Hallo, daktari wa maziwa."

"Hallo, mama kompyuta. Mgonjwa ameamkaje?"

"Redieta imekataa kuingia kwa sanduku. Nimekata chuma."

"Umekata na nini?"

"Na hasira."

"Wacha nisikukasirishe basi."

"Endelea tu hivyo hivyo."

Nelima alimweleza kila kitu, kwa kuwa Kiprop aliuliza. Alimweleza kuhusu ule mchezo wa vita wa kwenye kompyuta, watano kwa watano, ambao alikuwa ameucheza miaka mingi mpaka watu wa Nairobi wakaanza kulijua jina lake. Timu moja huko ilikuwa inatafuta mchezaji wa tano, wa kulipwa mshahara kama mtu wa ofisi. Walimwambia watamjaribu Jumamosi moja, saa nane mchana, akiwa kwake. Akifaulu, angehamia Nairobi kwa mwaka mmoja.

Saa nane mchana ndiyo ilikuwa shida. Nelima aliishi mtaa wa Langas na baba yake, Mzee Wasike, katika vyumba viwili vilivyotenganishwa na mbao nyembamba. Mzee alikuwa bawabu wa ghala la mahindi. Alilinda usiku, akalala mchana. Kompyuta ya zamani ya Nelima, ikianza kubeba mchezo ule, feni zake zilipiga kelele kama posho mill inayosaga mahindi, na Mzee aligeuka kitandani hadi jioni bila kusema neno. Halafu siku moja mkubwa wa ghala akamkuta amesinzia getini. Wakamwambia mara nyingine itakuwa ya mwisho.

Duka lake la ufundi halikumfaa: jengo lilikuwa la Msabato, na Jumamosi halikufunguliwa kwa mtu yeyote. Saiba za mjini, zile za kulipia intaneti kwa dakika, hazikuwa na mashine ya kuubeba mchezo huo. Basi aliamua kujenga kompyuta yenye nguvu na isiyo na sauti, ya kupozwa kwa maji, kipande kwa kipande. Kufikia wakati mahindi ya watu yalipofika magotini, sehemu zote zilikuwa mkononi, na Kiprop alikuwa anakuja Langas kila mara na jerikeni ya maziwa ya Mzee.

Jumapili kabla ya wiki ile ya majaribio walikaa hotelini mjini, chai na chapati mezani. Kiprop alivaa shati la samawati lililopigwa pasi hadi mikunjo yake ingekata mkate. Nelima alikuwa na gauni la kitenge la kijani, na Kiprop alimwangalia kutoka mlangoni hadi alipokaa.

"Kwani umeona nini?"

"Sikujua una miguu. Nilidhani ni suruali peke yake inatembea."

"Kunywa chai, Kiprop."

Alikunywa. Halafu akaanza kuikoroga ingawa sukari ilikuwa imeyeyuka kitambo.

"Wakikuchukua, unaenda lini?"

"Mwezi ujao."

"Nairobi ni mbali."

"Ni mwendo wa saa sita kwa gari."

"Na wakikosa kukuchukua?"

"Watanichukua."

"Nimeuliza tu."

Nelima akaweka kikombe chini. Hakuwa na subira na mtu anayezungukazunguka neno. "Kiprop, unataka wanikatae?"

Kijana alichelewa kujibu. Kidogo tu, lakini alichelewa. "Nataka ukipata usisahau kuna watu huku," akasema.

Hilo halikuwa jibu la swali lake. Nelima alijua, naye Kiprop alijua kwamba amejua. Walimaliza chapati wakiongea habari ya mvua.

* * *

Jumanne Nelima alimwambia Kiprop kwa simu kwamba kesho jioni ataanza kufunga vipande vya maji. Vyote vilikuwa vimelala juu ya meza yake, kwenye kitambaa safi: kitangi kidogo cha plastiki ngumu inayong'aa kama glasi, bamba la shaba la kukaa juu ya prosesa, redieta, pampu ndogo kama ngumi ya mtoto, mipira na viungo vyake.

Jumatano aliporudi kutoka dukani alikuta maziwa kwenye sufuria na ujumbe kwenye simu: *Nimepitia, Mzee amelala, nimeacha maziwa. Fanya kazi mpenzi.* Akatabasamu peke yake na kuanza kufunga.

Alhamisi hakufungua duka. Alijaza mfumo maji ya betri, kwa kuwa ya mfereji huacha chokaa, akazungushia kila kiungo karatasi ya chooni, na kuwasha pampu peke yake bila kuwasha kitu kingine. Hivyo ndivyo mtu mwenye akili hufanya: karatasi ikilowa, unajua pa kukaza kabla umeme haujafika popote. Alikaa mbele ya meza tangu asubuhi. Karatasi zilibaki kavu.

Jioni, Mzee Wasike alitoka chumbani mwake akifunga vifungo vya koti zito la kazi, rungu kwapani. Nelima akawasha kompyuta yote. Taa ndogo ya buluu ikawaka ndani ya sanduku. Mchezo ukafunguka kwenye skrini, milima na moshi na watu wenye bunduki.

Mzee alisimama, akaegemeza sikio upande wa meza.

"Imewaka?"

"Imewaka, Baba."

"Mbona sisikii?"

"Ndiyo maana yake."

Mzee akainama zaidi. Uso wake, ambao haukuwa wa kucheka ovyo, ulifunguka taratibu. "Hii," akasema, "mtu anaweza kulala kando yake."

Akaenda kazini. Nelima akaongeza uzito wa mchezo ili aone mashine itahimili joto gani. Maji ndani ya mpira yakaanza kuwa ya uvuguvugu, kama yalivyotakiwa. Kisha ikasikika sauti ndogo, *tak*, kama mtu aliyevunja njiti ya kiberiti.

Kitangi kilikuwa kimepasuka kuanzia kwenye kiungo chake. Maji yalishuka moja kwa moja juu ya kadi ya picha. Nelima alirukia swichi ya ukutani, lakini skrini ilikuwa imeshazimika yenyewe, na harufu ya plastiki iliyoungua ikapanda. Kadi hiyo ilikuwa imemchukua nusu mwaka kuipata. Hakukuwa na nyingine Eldoret.

Hakulia. Alifungua mfumo wote, akapeleka maji nje kuyamwaga, na hapo kwenye mwanga wa jioni akaona kwamba maji aliyoyatia yakiwa meupe asubuhi yalikuwa yamegeuka kijani kibichi.

Edinah, jirani wa mlango wa pili, alikuwa kwenye mfereji anasuuza nguo. Alichungulia ndoo.

"Hiyo nayo ni ile dawa ya yule kijana wako?"

"Dawa gani?"

"Ile ya jana. Si alikuja na ndoo na kichupa, akatoa vitu vyako hapo kwa meza, akaosha hapa? Maji ilikuwa inatoa mvuke. Na hiyo kitu ilichoma pua, mimi nikaingiza watoto ndani. Nikajua wewe ndiye umemtuma."

Nelima alisimama na ndoo mkononi. Halafu akaiweka chini polepole, kama kitu kinachoweza kulipuka, na kutoa simu.

"Mpenzi," Kiprop akapokea. "Imekubali?"

"Jana uliosha vitu vyangu na nini?"

"Ah, Edinah ameharibu siri. Nilitaka nikuambie Jumamosi, ukishamaliza."

"Na nini, Kiprop?"

"Maji moto na asidi. Ile ya kuosha mabomba ya maziwa." Akasita. "Nelima, kuna nini?"

"Tangi imepasuka. Kadi imeungua. Shaba imeoza mpaka maji imekuwa kijani."

Upande wa pili ulisikika mngurumo wa kompresa ya kupozea maziwa.

"Ulikuja na asidi kutoka Ainabkoi," Nelima akaendelea. Sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kelele. "Haukuikuta kwangu. Uliibeba. Ukangoja niende kazini, ukangoja Baba alale."

"Nilitaka ikuwe safi."

"Jumapili nilikuuliza kama unataka wanikatae. Ukanyamaza. Sasa nimepata jibu."

"Nelima, wacha nikuje—"

Akakata simu. Kiprop akapiga tena. Akaizima kabisa.

* * *

Mzee aliporudi kutoka kazini Ijumaa alfajiri, alikuta binti yake amekaa mbele ya sanduku lililo wazi. Alitazama maji, akatazama kitangi kilichopasuka. Alikunywa uji wake.

"Tumia ile ya zamani kesho," akasema. "Nitaweka pamba kwa masikio."

"Hapana, Baba."

"Siku moja haiui mtu."

"Inafuta mtu kazi. Hapana."

Mzee akalala. Nelima akavaa sweta yake ya njano na kwenda stendi kutafuta gari la Ainabkoi. Hakwenda kupatana. Alitaka Kiprop amwangalie machoni na kusema kwamba alifanya makusudi, ili jambo hilo liishe vizuri, likatwe kama mti unavyokatwa.

Ainabkoi kulikuwa na baridi na ukungu. Kwenye kituo cha kupozea maziwa, wakulima walisimama mstari na mitungi yao, na mstari haukuwa unasonga. Mbele kabisa mama mmoja mnene, leso kichwani na koti la mwanamume mabegani, alikuwa anagombana na mtu aliyekuwa ndani.

"Kiprop, maziwa yangu itaharibika nikikuangalia."

"Dakika kidogo, Mama."

"Hiyo bomba imetoka kwa karatasi sasa hivi. Tumeona ukitoa. Unaosha nini?"

"Bomba mpya ndiyo chafu zaidi, Mama. Imetoka na mafuta ya kiwanda. Maziwa yako ikipita hapo, Nairobi wataikataa, na wewe ndiye utakuja kunitukana."

Nelima alisogea hadi kwenye dirisha. Kiprop alikuwa na koti jeupe na gumbuti. Macho yake yalikuwa mekundu ya mtu ambaye hakulala. Kwenye beseni kubwa la chuma mbele yake palikuwa na bomba jipya linalong'aa, makaratasi yake ya kiwandani bado sakafuni, na mvuke ukapanda alipolimiminia maji ya moto. Alichukua kichupa, akapima kwa kifuniko, akamimina. Harufu ilimfikia Nelima dirishani na kumchoma pua. Kiprop alingoja, akasuuza, akalileta bomba karibu na pua yake, akanusa. Hakuridhika. Akarudia kuanzia mwanzo.

"Mungu wangu," yule mama akamwambia Nelima, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. "Huyu mtoto hata mtungi wa mama yake aliukataa juzi, mbele ya watu. Akamwambia, rudi uoshe. Mama mzazi."

Nelima alibaki pale dirishani. Hasira aliyoibeba kutoka Langas ilikuwa bado ipo, lakini sasa hakujua aishike wapi.

Kiprop aliinua kichwa akamwona. Alimpa kijana mwenzake bomba, akatoka nje akijifuta mikono. Hakujaribu kumgusa.

"Huku chuma yote ni ile haishiki kutu," akasema. "Unaweza kuchemsha, unaweza kutia asidi, haisikii. Sikujua shaba inaliwa. Sikujua hiyo tangi yako haitaki moto. Niliona ni bomba, nikaona ni mpya, na nikaona ni yako. Sikuuliza. Hapo nimekosa na sina la kujitetea."

"Kama ungetaka kuniharibia, ungefanya nini?"

Kiprop akamwangalia kama mtu asiyeamini swali. "Ningelegeza waya mmoja. Mimi hufanya kazi na stima kila siku, Nelima. Haungewahi kujua ni mimi. Siwezi kuosha vitu vyako mbele ya Edinah, Edinah ambaye ndiye redio ya Langas nzima."

Nelima nusura acheke. Alijizuia.

"Hilo la Jumapili haukujibu," akasema. "Lijibu sasa. Ukinidanganya napanda gari narudi, na hautaniona tena."

Ukungu ulikuwa umetanda juu ya koti lake jeupe na kulowesha mabega. Nyuma yake yule mama aliita maziwa yake kwa sauti, na Kiprop hakugeuka.

"Nilitaka wakukatae," akasema. "Jumapili nilitaka. Leo pia, kuna sehemu yangu inataka. Nairobi ni kubwa na mimi ni mtu wa maziwa. Lakini Jumatano nilipokuwa naosha, sikuwa nafikiria hiyo. Nilikuwa nafikiria ukishinda, utashinda na kitu nimeshika kwa mikono yangu. Ni hayo tu. Ukitaka kupanda gari, panda."

Lilikuwa jibu baya. Lilikuwa pia la kwanza lisilozungukazunguka tangu chai ya Jumapili, na Nelima, ambaye alikuwa amekuja kukata mti, alijikuta ameliamini lote, nusu ya kwanza na nusu ya pili.

"Rudi ndani," akamwambia. "Maziwa ya watu inaharibika."

"Na sisi?"

"Kesho saa tatu ukuje kwetu. Utamwambia Baba mwenyewe kile umenifanyia."

* * *

Saa tatu kamili Kiprop alibisha, shati la samawati likiwa limepigwa pasi na uso wake umepauka. Mzee Wasike alikuwa mezani, ametoka kazini, anakula ugali na mboga kabla ya kulala. Alimwonyesha kiti. Kiprop hakukaa.

"Mzee, ile kompyuta ya Nelima, ni mimi niliharibu. Niliosha vitu vyake na asidi bila kumuuliza. Sikutaka kuharibu, lakini niliharibu."

Mzee alimeza tonge. "Nimesikia. Edinah aliniambia kabla hata Nelima hajarudi."

"Nimekuja pia na ombi. Jaribio ni saa nane, na mashine ya zamani ina kelele. Mimi nina nyumba hapa mjini, mtaa wa West Indies, chumba kimoja na sebule, pako kimya kabisa. Nimebadilisha mashuka. Naomba leo Mzee ulale kwangu, gari iko hapo nje, na jioni nitakupeleka kazini mwenyewe. Hivyo Nelima atacheza hapa na hautasikia kitu."

Nelima hakuwa amelijua wazo hilo. Lilikuwa zuri. Alimgeukia baba yake.

Mzee alinawa mikono kwenye bakuli, kidole kwa kidole.

"Siwezi."

"Mzee, kitanda ni—"

"Kitanda si shida. Kwetu mtu halali kwa nyumba ya mkwe wake. Hata nyumba yangu iungue, nitalala barabarani."

Hakuna mtu aliyekuwa amelitaja neno mkwe katika nyumba ile kabla ya hapo. Kiprop akakaa kwenye kile kiti alichokikataa. Nelima alihisi joto likipanda shingoni.

Mzee aliinuka kana kwamba amesema habari ya mvua. "Mimi ndiye siwezi kwenda. Mashine inaweza. Bebeni hiyo kitu yenu mwende nayo West Indies. Na Edinah aende, asikae mbali na mlango. Mimi nalala."

* * *

Saa nane ilipofika, kompyuta ya zamani ilikuwa juu ya meza ya chakula ya Kiprop, feni zake zikinguruma hadi vikombe vikatetemeka kabatini. Edinah alikaa kwenye kochi na sufuria ya minji, akiibambua maganda na kuangalia skrini kwa mashaka. Kiprop alitoka nje, akakaa ngazini, mgongo mlangoni.

"Nelima, hiyo ni nini, uko kwa kiwanda?" kijana wa ile timu ya Nairobi akauliza kwenye vipokea sauti vya masikioni mwake.

"Ni kompyuta yangu. Itaendelea hivyo mpaka tumalize. Tuanze."

Wakaanza. Walimweka na wachezaji wanne asiowajua, dhidi ya wengine watano walioshiba mazoezi. Mchezo wa kwanza walipoteza, na mmoja akamlaumu waziwazi. Katika wa pili Nelima akaanza kuwaamuru, kwa sauti ileile aliyowaamuru wateja waliochezea simu zao, na wakamtii. Katika wa tatu mashine ikaanza kukwama kwa joto. Picha ilisimama, ikaruka, ikasimama. Nelima alipunguza ubora wa picha hadi milima ikawa kama maboksi, akacheza na maboksi. Vidole vyake vilikuwa vimelowa jasho. Alipomaliza hakujua ameshinda mpaka watu wanne walipopiga kelele masikioni mwake kwa pamoja.

"Tutakupigia kesho," yule kijana akasema, na akakata.

Edinah aliinua macho kutoka kwenye minji. "Umeua wangapi?"

"Wengi."

"Vizuri. Sasa mwambie huyo kijana aingie, ameketi kwa simiti tangu saa nane."

Kiprop hakuinuka Nelima alipofungua mlango. Nelima akakaa kando yake ngazini, na Edinah, mtu mwenye heshima zake, akageuzia uso ukutani.

"Katikati hapo niliomba ushindwe," Kiprop akasema. "Mara moja. Halafu nikasikia sauti yako ukiwaambia wasonge kushoto, nikaona aibu, nikaomba ushinde."

"Kwa nini unaniambia?"

"Ulisema nisizunguke."

Nelima akalaza kichwa chake kwenye bega la shati lile la samawati na kuharibu mikunjo yake yote.

* * *

Simu ilikuja Jumapili alasiri. Mzee alikuwa ametoka kanisani na bado yuko na tai. Kiprop alikuwa ameleta maziwa. Nelima alisikiliza, akasema ndiyo mara tatu, akasema asante, akaweka simu mezani.

"Wamenichukua. Naanza tarehe moja."

Mzee akamshika kichwa kwa mikono miwili kama alivyomfanyia alipokuwa mtoto. Kiprop alisema, "Hongera, Nelima," na alisema vizuri, bila kukoroga chochote. Ni mtu aliyemjua tu angeona jinsi alivyoshika kiti.

Mzee aliona. Akakaa, akamimina chai.

"Kiprop. Watu wenu wanakuja lini?"

"Kabla hajasafiri, Mzee. Nimeshaongea na mjomba wangu wa Cheptiret."

"Wasiwe wengi. Nyumba ni ndogo."

"Watu sita."

"Watano."

"Sawa, Mzee. Watano."

Nelima aliwaangalia, mmoja baada ya mwingine. "Na mnapanga kumuoa nani?"

Wanaume wote wawili wakamgeukia.

"Nauliza kwa sababu niko hapa," akasema, "na hakuna mtu ameniuliza."

Mzee Wasike alikiangalia kikombe chake kana kwamba kuna kitu kimeandikwa ndani. Kiprop akasimama. Alikuwa mrefu mno kwa chumba kile, na sauti ilipotoka ilikuwa imekwaruza.

"Nelima. Nikuoe?"

"Nairobi naenda."

"Najua."

"Mwaka mzima. Ukianza kunipigia kila siku kuniuliza narudi lini, nazima simu. Unajua naweza."

"Najua unaweza."

"Ukitamani nirudi, utasema umetamani. Hautanyamaza halafu ufanye mambo na ndoo."

"Nimetamani sasa, na bado haujaenda," Kiprop akasema. "Jibu, mama kompyuta. Mzee anaangalia."

"Nioe," Nelima akasema.

Kiprop alitafuta pa kuweka mikono yake. Hakuweza kumkumbatia mbele ya baba mtu, na mfukoni haikuingia. Mwishowe Mzee akamhurumia, akampa kikombe cha chai akishike.